Mlonge Nilioukausha Kwenye Bani la Tumbaku

Kuku wa kisasa ni mlafi, na mlafi ni rahisi kumtibu. Huna haja ya kumkimbiza uwanjani wala kumpanua mdomo kwa nguvu. Unaiweka dawa palepale anapokula, mwenyewe anaifuata. Ndivyo ninavyofuga hapa Cheyo, mjini Tabora, tangu mume wangu alipotangulia akaniachia nyumba ya vyumba vinne, kisima, na ua mkubwa ambao kazi yake ilikuwa kuanikia nguo tu.

Shule niliishia darasa la nne. Vipimo vyangu ni bakuli, debe na konzi ya mkono. Lakini pita kata nzima uulize kuku wa yule bibi mjane wakoje, utaambiwa wana manyoya yanayong'aa, miguu ya njano, na banda lake halinuki. Najisifu, na sababu ninayo.

Kitunguu saumu nakitwanga, nakiloweka, nawanywesha maji yake asubuhi kabla ya chakula. Tangawizi naianza vifua vinapotaka kukoroma. Mwarobaini naweka kidogo sana, maana kuku naye ana ulimi, ukizidisha uchungu anasusa, na kuku wa nyama akisusa siku moja umeshachelewa. Pilipili kichaa ni ya siku za baridi. Halafu mlonge, majani makavu yaliyotwangwa yakawa unga, konzi moja kwa debe la chakula, kila siku tangu wiki ya pili. Huo ndio mfalme wangu.

Chanjo siachi, mtu asije akasema nimemdanganya. Kideri hakiogopi kitunguu. Mwaka wa kwanza nilijaribu ujinga huo, nikazika banda zima, ndipo nikajua mpaka wa majani uko wapi. Chanjo inazuia kifo. Majani yanamfanya kuku ale vizuri, tumbo litulie, nami nisikimbilie dukani kununua antibayotiki kila kuku mmoja anapopiga chafya.

Hapo ndipo ugomvi wangu na mwenye duka la vyakula vya mifugo ulipoanzia. Chakula chake nanunua, kizuri. Lakini dawa anazigawa kama pipi. Kuku anahara, dawa. Anasinzia, dawa. Hana kitu, mpe dawa asije akapata kitu. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba akiendelea hivyo ipo siku tutaugua sisi na dawa zisitusikie, maana tumeshazila zote kwenye mapaja ya kuku. Akanijibu, "Bibi, wewe endelea na mboga zako." Tangu siku ile tukawa tunasalimiana kwa adabu tu, kama watu waliokutana msibani.

Basi. Mjukuu wangu wa kwanza, mtoto wa binti yangu mkubwa, akachumbiwa na kijana wa Nzega. Wakwe walipokuja kuzungumza habari za harusi, tuliwapokea sebuleni kwangu. Ni watu wa ng'ombe. Hata chai walikuwa wanaikagua kwanza kama ina maziwa ya kutosha. Mshenga wao alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na maneno mengi, na chakula cha siku ya harusi kilipotajwa, pilau kwa kuku, aliweka kikombe chini.

"Kuku gani, mama? Wa kisasa?"

"Wa kisasa," nikasema.

"Samahani, mama, tunaheshimiana. Lakini kuku wa kisasa sisi tunamjua. Ukimtafuna unatafuna godoro, ukimmeza unasikia harufu ya hospitali. Kule kwetu huyo tunampa mgonjwa asiye na meno."

Walicheka wote, hata binti yangu alificha mdomo kwenye mtandio. Nikamwambia, "Baba, siku hiyo nitakaa mbele yako nikuangalie. Paja la kwanza utalila kwa adabu. La pili kwa njaa. La tatu utalificha kwenye koti. Na kuku wote wa harusi watatoka bandani kwangu."

Wakazidi kucheka. Mimi sikuwa nacheka.

Walipoondoka, binti yangu alinifuata jikoni. Yeye alikuwa amepanga kuagiza kuku wa kwenye friza, wanaoletwa na mfanyabiashara kutoka Dar. "Mama, wakishindikana je?"

"Wakishindikana, simama katikati ya watu useme mama yangu ni muongo."

"Mama, sijasema hivyo."

"Mimi nimesema."

Nikahesabu kurudi nyuma. Ndoa ilikuwa Jumamosi ya wiki ya Pasaka, na kuku wangu huiva kwa wiki sita, kwa hiyo vifaranga mia mbili waliingia bandani Kwaresima ikiwa bado mbichi. Niliwapokea kwenye maranda makavu na jiko la mkaa katikati, nikawapa maji yenye asali ya msituni kidogo ya kuondoa uchovu wa safari, na wiki ya nne ilipofika walikuwa wanatembea wametanua vifua kama mgambo.

Hapa niseme habari za mwanafunzi wangu. Ni jirani, tumegawana ukuta wa nyuma. Mmoraviani, mzaliwa wa Tura, mpole mpaka anakera. Alikuja kwangu mwaka juzi akataka nimfundishe majani, na kila jambo aliuliza mara mbili. Konzi ya mkono wa nani, bibi, wako au wangu? Kivuli cha mti au kivuli cha nyumba? Aliandika yote kwenye daftari. Mvua zikinyesha, alikuwa akianika mlonge wake sebuleni, juu ya kanga, anaugeuza kila baada ya muda, mpaka mumewe akalalamika kwamba siku hizi mgeni akija anakalishwa uani na majani yanakaa kwenye kochi. Nilikuwa nachungulia dirishani namtania, "Mwanafunzi, unaanika majani au umejifungua?" Anacheka tu, anageuza. Alikuwa na kuku mia na hamsini waliowatangulia wangu kwa siku chache.

Wiki ile ya nne mlonge wangu uliisha. Ningeweza kumwomba yeye. Mwalimu haombi chaki kwa mwanafunzi. Nikapanda basi kwenda Kigwa kwa mdogo wangu, ambaye amepanda milonge mpakani mwa shamba lake lote la tumbaku. Nilikata matawi nikajaza magunia mawili. Na mvua nayo, kama imetumwa. Siku mbili majani yalikaa barazani bila kukauka, yakaanza kuwa meusi na kutoa joto ukiyatia mkono.

Mdogo wangu alikuwa kwenye msimu wa kukausha tumbaku. Mtu asiyejua bani, ni kibanda kirefu cha matofali, kina tanuri la kuni nje na mabomba ya moto ndani, na tumbaku inaning'inizwa juu kwenye fito, tabaka kwa tabaka, mpaka paani. Akaniambia, "Dada, humo ndani kuna joto la bure. Tumbaku imeshakauka, nasubiri tu ipate unyevu ilainike niishushe. Tandaza majani yako chini, kesho unayo makavu."

Mkewe alikuwa anapepeta mahindi. Akasema bila kuinua kichwa, "Wifi, tumbaku ikikauka hivyo inapukutika."

"Nitatandika turubai safi chini."

"Chini sawa. Na juu?"

Nikamjibu kwamba nilianza kukausha majani kabla yeye hajajua kujifunga kanga. Akaendelea kupepeta. Lile neno lake, na juu, nimelikumbuka mara nyingi kuliko sala zangu.

Kesho yake jioni mlonge ulikuwa mkavu, kijani safi, unavunjika ukiushika. Sijawahi kukausha majani mazuri vile. Niliyakusanya na turubai zima, nikayatwanga palepale kwenye kinu cha wifi, nikarudi Tabora Jumamosi na unga wangu gunia nusu, nimeupakata kwenye basi kama mtoto.

Jumatatu asubuhi nikachanganya. Na kwa kuwa kuku walikosa mlonge siku kadhaa, niliweka konzi mbili kwa debe badala ya moja. Niliwafidia.

Jumanne asubuhi nilifungua banda, hakuna aliyenikimbilia. Kuku walikuwa wamesimama wamekunja shingo, udenda unawatoka, maranda yameloa kinyesi cha majimaji. Wengine walijaribu kuja kwangu, miguu ikaenda kushoto wao wanataka kulia, kama wazee wanaotoka kilabuni. Mchana walikufa watatu. Nikawapa kitunguu saumu. Nikawapa maji ya alovera. Na jioni, Mungu anisamehe, nikawaongezea mlonge, maana ndio dawa ninayoiamini kuliko zote. Kufika Jumatano asubuhi nilikuwa nimeshatoa kumi na saba kwenye karai.

Binti yangu alikuja na orodha ya wageni mkononi. Alipoona karai, hakunisema. Aligeuka mkali upande mwingine. "Ni chakula cha yule mtu wa dukani. Amekuuzia kilichooza, kwa sababu ya ule ugomvi wenu." Kabla sijafungua mdomo alishatoka, na baadaye niliambiwa alichomfanyia yule baba wa watu mbele ya wateja. Alimwita muuaji wa kuku wa yatima. Yatima ni nani sijui, labda mimi.

Na akina mama nao hawakukawia. Tuna kikundi chetu hapa mtaani, Wakatoliki, Wamoraviani na Waislamu wawili, wote wanafuga, wote wamejifunza majani kwangu. Mmoja alipita nje ya ua, akasimama, akauliza kwa sauti ya mgonjwa, "Bibi, ni kweli mlonge umeua?" Nikabeba karai nikaingia ndani. Baadaye nikasikia ameumwaga wake wote jalalani.

Mchana nikampigia simu daktari wa mifugo wa kata. Ni binti mdogo, Mzaramo wa Kisarawe, na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu. Watu wa Dar siku hizi utani ni mpira tu, lakini sisi wetu ni wa zamani. Babu zetu walibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani, wakapita kwa Wazaramo wakiwa na miguu imechanika na njaa, wakagombana, wakapatana, wakazikana. Tangu hapo Mzaramo ana haki ya kunitukana nyumbani kwangu na mimi sina haki ya kukasirika. Bwana harusi akitaka kuingia ndani, mtani anaweza kuzuia mlango. Maiti ikitaka kutoka, mtani anaweza kuilalia njia. Ni mila, na mila hii ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu hakuna mtu mwingine mjini ambaye angeniambia alichoniambia yule binti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akatazama karai. "Poleni na msiba. Marehemu ni wengi, ila ubani siuoni. Au Mnyamwezi anazika bila pilau?"

"Ingia ndani uache ujinga."

Aliingia. Aliwashika kuku, akawatazama macho, akapasua wawili waliokufa, akaangalia ini na utumbo, akawa kimya. Mzaramo akinyamaza, ujue kuna jambo. Akaenda kwenye vyombo vya chakula. Akachota kiganjani, akanusa. Akanusa tena. Akaja mbele yangu na kile kiganja.

"Bibi, wewe unavuta?"

"Mimi?"

"Mbona chakula hiki kinanuka sigara?"

Nikanusa. Sikusikia kitu. Nikamwita jirani yangu ukutani, aje anuse. Akanusa, akatikisa kichwa, naye hasikii kitu. Daktari akatutazama kwa zamu kama anaangalia vipofu wawili wanabishana habari ya rangi.

"Mmezaliwa wapi nyinyi?"

"Kigwa," nikasema.

"Tura," jirani akasema.

"Na nyumba mlizozaliwa zilikuwa na nini uani?"

Hapo nikakaa chini. Kwenye ndoo ya maji, iliyogeuzwa. Bani lilikuwa uani kwa baba, bani lilikuwa uani kwa babu, nguo zangu za komunyo ya kwanza zilianikwa kwenye bani kwa sababu ya mvua kama hizi hizi. Mimi tumbaku siinusi. Iko ndani ya pua kama vile ulimi ulivyo ndani ya kinywa, nani anaisikia ladha ya ulimi wake? Mtu yeyote wa kwingine angefungua gunia lile akasema huu si mlonge mtupu. Sisi wa huku tungeweza kulilalia mwezi mzima.

Nikamweleza. Bani, turubai, fito za juu, konzi mbili. Na ile nyongeza ya Jumanne jioni nayo nikaisema, maana kama unatapika, tapika yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bibi zako na babu zako walibeba pembe mpaka pwani," akasema, "na nyinyi hamjaacha kubeba. Sasa umebeba sumu kwenye basi, umeipakata." Halafu utani ukamtoka usoni. "Chakula hiki chote uchome. Maranda badilisha leo. Maji safi, chakula kisicho na kitu. Waliobaki wengi watapona. Lakini hawachinjwi mpaka zipite wiki mbili kamili, halafu niite niwaone."

Nikahesabu kwa vidole chini ya kanga asinione. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata. Wiki mbili zingetimia Jumatano baada ya harusi.

"Tukiwapika sana? Tukiwachemsha kwanza?"

"Sumu siyo funza, bibi. Haifi kwa moto."

"Na mtu akila, atakufa?"

"Sijui. Na kwa sababu sijui, haliwi. Kama mtani ningekuambia wape hao wakwe zako wa Nzega, wapungue. Mimi hapa nimekuja kama daktari."

Akaondoka, akisema hayo ni yangu, yeye hatamwambia mtu.

Nitasema kweli, nilifikiria. Nilikaa juu ya ile ndoo mpaka jua likahamia ukutani, nikafikiria. Uongo ulikuwa umeshapikwa na binti yangu, umeshaandaliwa, kilichobaki ni mimi kukaa kimya. Mwenye duka simpendi. Kuku wangepona, Jumamosi ya harusi wangekuwa na manyoya yale yale ya kung'aa, na mshenga angekula. Watu wangapi wanajua? Mimi, mtani, na jirani ambaye hata kuku wake akimuuliza siri yangu hawezi kusema.

Kilichoniinua ni kuwahesabu akina mama wa kikundi, mmoja mmoja, na nyumba zao walikotoka. Huyu ana kaka Urambo. Yule ana shemeji Kaliua. Huyu mwingine baba yake bado analima Sikonge. Wote wana bani la mtu wao, wote wana pua kama yangu, na mvua zilikuwa bado zinanyesha. Nikinyamaza, nusu yao watamwaga mlonge kwa kuogopa kitu kisicho na kosa, na nusu watakwenda kuukausha palepale nilipoukausha mimi, kwa sababu ni joto la bure na wazo ni zuri. Wazo lilikuwa zuri kweli. Hilo ndilo baya lake.

Alhamisi nikawaita uani kwangu. Walikuja wote, hakuna aliyekuwa na udhuru, msiba wa mwenye kujisifu unajaza watu. Sikuwakalisha. Nikawaambia hivi: "Mlonge haukuua. Chakula cha dukani hakikuua. Nimeua mimi. Nilikausha majani kwenye bani la tumbaku, tumbaku ikapukutikia humo, nikatwanga yote pamoja, na wifi yangu alinionya nikamtukana. Mwenye majani aliyoyakausha kwenye bani, ayachome leo. Mwenye majani ya kivulini, aendelee."

Yule aliyemwaga wake jalalani akasema, "Kumbe mwalimu naye anapata sifuri."

"Anapata. Na wewe umemwaga mlonge mzima ambao haukuwa na kosa, kwa hiyo umepata sifuri bila hata kufanya mtihani."

Wakacheka, na kile kicheko kilinishusha mzigo begani. Mmoja akainua mkono kama mtoto wa shule, akasema taratibu kwamba yeye wa kwake uko kwenye bani la kaka yake tangu juzi. Hajaubeba tu. Nilimtazama, nikajua sikuitisha watu bure.

Walipotawanyika, jirani alibaki. Alikuwa anakunja ncha ya kanga na kuikunjua.

"Bibi, wangu wapo mia na hamsini. Walikula mlonge wa sebuleni."

Nilielewa. Nilitaka kumwambia ahsante. Kilichonitoka ni, "Wana uzito?"

"Njoo uwapime."

Nikaenda. Nilimkamata mmoja, nikampapasa kifua, nikamgeuza, nikamtazama nyayo kama zina vidonda vya maranda mabichi, nikampanua mbawa. Nikamkamata mwingine. Nilitafuta kosa kwenye banda lile kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia kwangu. Maji yalikuwa masafi. Hewa haikuwa inachoma macho. Kuku walinijia miguuni wakiamini mimi ndiye chakula.

"Tangawizi unaanza siku ya ngapi?" nikauliza.

"Siku ya kumi. Ulivyosema."

Nikamwambia watafaa.

Kazi iliyobaki ilikuwa binti yangu, naye alikuwa nguo ya miiba. "Kwa hiyo nilimtukana mtu bure?" Nikasema ndiyo, na kwa hiyo tunakwenda wote. Tulikwenda Ijumaa Kuu asubuhi, kabla ya ibada, amejifunga mtandio mpaka machoni. Duka lilikuwa na wateja, nikashukuru, maana tusi la hadharani halifutwi chumbani.

"Nimekuja kusema chakula chako hakina kosa," nikamwambia. "Kosa ni langu. Na huyu binti yangu ana neno."

Binti yangu akaomba msamaha, kwa sauti ndogo lakini yote. Mwenye duka alifuta mezani mahali palipokuwa safi.

"Yameisha, bibi. Hata mimi niliogopa, nikafungua magunia yote nikanusa."

"Ukasikia nini?"

"Mimi mtu wa Moshi. Nilisikia pumba." Akatabasamu kidogo. "Sasa si ungechukua na antibayotiki, kwa hao waliobaki?"

"Hizo bado nazichukia," nikamwambia, na tukaagana vizuri kuliko miaka yote iliyopita.

Siku ya harusi mjukuu wangu alipendeza, hilo sina haja ya kulisema, amefanana nami. Ukumbini nilifanya kama nilivyoahidi. Nilivuta kiti, nikakaa mbele ya mshenga wa Nzega, mikono nimeipakata. Alikula paja la kwanza akinikonyeza. La pili hakunikonyeza. Aliponyoosha mkono kwa la tatu aliusimamisha katikati, akaniangalia, meza nzima ikaangua kicheko.

"Mama," akasema, "nimeshindwa. Sikuyajua haya. Kuku wako ana ladha ya kuku."

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa wa kupita kimya. Binti yangu alikuwa nyuma yangu, nilisikia amezuia pumzi.

"Baba, hao si wangu. Wangu walipatwa na ajali. Hao ni wa mwanafunzi wangu."

"Mama unanitania."

Nikainuka, nikaenda mpaka kwenye masufuria, nikamvuta jirani mkono, aproni na upawa wake, akijitetea kwamba wali utaungua. Nikamsimamisha mbele ya mshenga. "Huyu. Msifu huyu." Naye mshenga, mtu wa maneno mengi, alisimama kabisa na mikono yake ya mafuta, akamwambia wabeja, yaani ahsante kwa Kisukuma, mara tatu. Jirani alitazama sakafu. Alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika.

Nilipokaa nikachukua kidari nami nikaonja. Kilikuwa kizuri. Tangawizi ilipungua kidogo, nikamwambia kesho yake ukutani, akaandika.

Jumatano ile ilipofika, mtani alikuja akawakagua wangu mmoja mmoja, wanarukaruka, wanapigania chakula. Alisema sasa ruksa. Wa kwanza nilimchinja nikamla mwenyewe, nikasubiri siku mbili, ndipo nikampelekea mtu mwingine. Wengine walikwenda Nzega kwenye boksi, na salamu kwa mshenga kwamba hawa sasa ndio wangu, alinganishe. Amelinganisha. Anasema ni sawasawa, na mimi naona amesema hivyo kwa adabu tu, wangu ni wazuri zaidi.

Mlonge wangu siku hizi naukausha sebuleni, juu ya kochi. Wageni wanakaa uani. Na kila unga mpya ukitoka kwenye kinu, kabla haujagusa chakula, namtumia ujumbe daktari: njoo, leta pua. Anakuja na pikipiki yake, ananusa, ananitukana na ukoo wangu mpaka kwa wabeba pembe, anakunywa chai. Nikiona ametulia na kikombe, ndipo nachanganya.